Mahali pa Dereva

Mususa, Butembo
Tarehe 9 Juni 2025

Kwa Yaya wangu mpendwa, dada mkubwa Kanyere,

Pokea salamu za mdogo wako Ananie, zilizokaa hapa muda mrefu bila mtu wa kuzibeba. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na shemeji Jean-de-Dieu na watoto, na kwamba huko Bungulu mnalala mpaka asubuhi. Mimi mwili hauna shida, Mungu asifiwe. Shemeji amepata njia ya kufika Mabalako kuvuna kakao yake, au bado anawalimia nyani? Na Mama je, meno niliyomtengenezea yanakaa vizuri? Mwambie asiyafunge kwenye kitambaa siku za kazi na kuyavaa Jumapili tu. Meno si viatu vya misa. Yakimuumiza ufizi arudi niyapunguze, lakini asiyasugue kwenye jiwe mwenyewe, maana namjua.

Barua hii uisome peke yako. Utauliza kwa nini sikutuma sauti kwenye simu kama watu wote. Yaya, simu yako ni redio ya nyumba nzima: sauti yangu ikifika, watoto wanaisikia kwanza, kisha Mama, kisha jirani, wewe unabaki wa mwisho. Haya ninayoandika hayafai kusikilizwa hivyo. Binamu yetu Vagheni anakwenda huko kwenu Beni na bidhaa zake, nimempa barua pamoja na kartoni. Mama anajua habari ya kartoni, habari ya barua hajui. Ile kartoni usiifungue kabla hujamaliza kusoma. Najua umeshaifungua.

Habari za hapa Mususa ni chache kama watu wa nyumba yangu. Tangu Solange alipokwenda Kampala na watoto wetu, wakati watu walipoanza kusema kwamba vita inapanda kutoka Lubero, nimebaki na vyumba vitatu na sufuria moja. Alisema wanakwenda mpaka hali itulie. Hali inatulia, inachafuka, inatulia tena, na watoto wameshaingia shule ya kule. Yule mdogo siku hizi ananijibu kwa maneno ambayo siyaelewi, dada yake anacheka pembeni. Mchana niko kabine, natengeneza meno ya watu. Wateja wangu wengi wanafika wameziba mdomo kwa mkono, hawana hamu ya mazungumzo, na nikishawajaza ule udongo wa kuchukulia umbo la ufizi hawawezi hata kusema ndiyo. Jioni narudi kusonga unga, kupika bukari ya mtu mmoja. Wewe umewahi kupika bukari ya mtu mmoja? Haishikani. Nasema wazi, nina upweke, Yaya, mpaka siku nyingine nachelewa kufunga kabine kwa sababu pale angalau kuna meno mezani yanayonicheka.

Ndipo ilipotokea ile kazi ya char, ambayo wewe uliiita utoto. Ulimwambia Mama kwamba mwanaume mwenye watoto wawili anachezea vigari. Mimi sikukasirika. Tuseme nilikasirika, lakini imepita. Nikueleze kazi yenyewe ilivyo. Vagheni alininunulia boksi kule Guangzhou, alipokwenda kuchukua sahani zake, kwa sababu nilikuwa nimemsumbua sana. Ndani kuna vipande vya plastiki vya kuunganisha mpaka vinakuwa kifaru cha vita, ile sisi tunaita char, iliyopunguzwa hata ikakaa kwenye viganja viwili. Ni char ndogo ya Wachina, ya aina ile aliyoendesha Papa katika jeshi la Zaïre.

Ni aina ile, lakini siyo ile. Walioitengeneza waliiga zile zilizobaki kwao na kuongezewa vitu baadaye. Juu ya mzinga wameweka kisanduku cha kupimia umbali kwa mwanga, na kwenye picha za zamani za jeshi letu, zile watu wanazoweka kwenye mtandao, sikukiona hata mara moja. Nikakikata, na tundu nikaliziba kwa ile resini ya pinki ninayotengenezea ufizi. Minyororo ya magurudumu walikuwa wameivalisha vipande vya mpira ili isiharibu lami. Lami ipi, Yaya, huku kwetu? Nikavisugua vyote kwa tupa ya meno, kipande kimoja kimoja. Taa zilikuwa nzima, kwenye picha moja imevunjika, nami nikavunja. Mabati yanayofunika minyororo yalikuwa yamenyooka kama ya dukani, nikayapasha moto na kuyakunja kwa koleo, jinsi yanavyokunjwa na miti ya kando ya njia. Rangi ndiyo ilinitesa kuliko yote. Nilipaka, nikafuta, nikapaka, mpaka Vagheni akasema hata jeshi lenyewe halikuwahi kuhangaikia rangi kiasi hicho.

Utauliza usahihi huu wote ni wa nini, wakati Papa mwenyewe hatujui alikoangukia. Ni kwa sababu hiyo hiyo. Siku ile alipopita na char yake mimi nilikuwa mgongoni mwa Mama, nasinzia. Wewe una hasira yake, mimi sina hata hiyo. Sauti yake siijui, mwendo wake siujui, sijui kama alipenda chumvi nyingi. Kilichobaki ninachoweza kukijua bila kubahatisha ni kile chuma alichokaa ndani yake, basi nilitaka nikijue mpaka boliti ya mwisho.

Habari ya siku ile nimeipata kwako tu, na hujawahi kubadilisha neno. Jeshi la Zaïre linakimbia, mvua inanyesha, Mama amekushika mkono kando ya barabara pale Bungulu, nguo yako ya shule imelowa na kukuganda mwilini. Char inakuja peke yake, ya mwisho, inatetemesha ardhi. Kichwa kimoja juu yake. Mama anakuonyesha kwamba yule ndiye Papa, unampungia mkono, unamwita. Anakuangalia, halafu anageuza uso upande wa pili, char inapita, na mpaka leo hakurudi. Ulikuwa na miaka minane, na hukuwa umemwona tangu kambi yao ilipohamishwa ukiwa mdogo kabisa, Mama peke yake ndiye aliyekuwa akienda kumtembelea. Kwa sababu ya uso ule uliogeuzwa hukumpa mtoto wako wa kwanza jina la Salomon, ingawa zamu ilikuwa ya babu yake. Na kwa sababu yake umemwambia Mama kwamba siku ya kubariki msalaba hutakuja, kwamba huwezi kusimama mbele ya msalaba wa mtu aliyekupita.

Wajomba, unakumbuka, walitaka zamani tuzike kigogo cha mgomba mahali pake, kama wazee walivyowafanyia waliopotea. Mama alikataa kwa sababu alikuwa bado anamngoja. Sasa amechoka kungoja, na nguvu zake unaziona mwenyewe. Anataka msalaba tu, kando ya kaburi la babu hapa Butembo, wenye jina lake, na padri aombe. Lakini amesema bila Kanyere hakuna kubariki. Kwa hiyo msalaba uko kwangu, umeegemea ukuta wa chumba cha watoto, na kila asubuhi nikipita naanza kuusalimia kabla sijakumbuka ni mbao.

Sasa sikiliza. Kwenye karatasi ya maelekezo nilifika vipande vya mbele, nikakuta kifuniko kidogo cha mviringo upande wa kushoto, chini, karibu na pua ya char. Nilidhani ni mahali pa kuwekea risasi. Nikatazama mchoro vizuri: ni mlango wa dereva. Nikaweka koleo chini. Yaya, sisi wote nyumbani, tangu utoto, tulishika kwamba yule wa juu ndiye anayeendesha, kwa sababu ndiye anayeonekana, na kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuchungulia ndani. Aibu kwetu, watu wa Butembo tuliokulia kati ya malori! Kwenye Fuso anayekaa juu ya mizigo ni convoyeur, utingo, kila mtoto wa sokoni anajua, dereva yuko chini. Ilipofika char, akili ile tukaiacha nyumbani. Yule anayetoa kichwa juu, kwenye sehemu inayozunguka na mzinga, ni mkubwa wao. Dereva anakaa mbele, chini kuliko wote, na mvua ikinyesha anajifungia kifuniko juu ya kichwa.

Na siku ile kilikuwa kimefungwa. Shahidi ni wewe. Kingekuwa wazi, ungeona kichwa kingine mbele, chini, karibu nawe kuliko kile cha juu. Wewe umesema siku zote: kichwa kimoja, juu.

Dereva akishajifungia anaona kwa vioo viwili vidogo tu. Nilivitoboa kwenye plastiki, na kabla sijafunika sehemu ya juu nikaingiza ndani kile kioo changu cha kutazamia meno ya nyuma. Halafu nikachonga kwa nta msichana mwenye nguo ya shule, na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, nikawasimamisha kwenye ukingo wa meza, kama kando ya barabara. Nikainama, nikatazama kwa macho ya Papa. Nilichoona ni ubao wa meza mbele yangu, kipande chembamba. Msichana akiwa mbali alikuwa doa tu. Char ilipomkaribia, alitoka pembeni mwa kioo, na wakati anapitwa hapakuwa na mtu pale, mbao tupu. Nilirudia na kurudia mpaka nta ikaanza kulegea kwa joto la taa. Nililia, sioni haya kukuambia. Hakukugeuzia uso, Yaya. Hakujua kwamba upo.

Ningekuandikia siku ile ile, kwa furaha. Lakini Mama alikuja kwa ajili ya meno, na aliyoniambia ndiyo yaliyonifunga mkono.

Alikaa kwangu wiki nzima, na wiki ile bukari ilishikana. Siku ya kuchukua umbo la ufizi nilimkalisha kwenye kiti cha kabine, nikamjaza ule udongo mdomoni. Char ilikuwa mezani, sehemu yake ya juu yenye mzinga imelala pembeni. Nikaona, leo nimepata mtu asiyeweza kunikatiza, nikamweleza yote: dereva hapa, mkubwa pale, vioo, mvua, msichana wa nta. Machozi yakaanza kumtoka. Nilidhani udongo unamuumiza. Nilipoutoa alisukutua mdomo, akachukua muda mrefu kujifuta, halafu akaweka kidole kwenye ile sehemu ya juu, pale anapotokea mkubwa wao, akasema, "Ule hakukuwa papa yenu. Mi nilijuaka."

Alisema kwamba kabla ya char kufika, askari mmoja aliyekuwa anakimbia kwa miguu alimwambia kuwa Salomon anaendesha ile ya mwisho. Ndiyo sababu alikuchukua mbio mpaka barabarani. Ilipokaribia alitazama kile kichwa na kujua mara moja ni mgeni, kwa sababu Papa alikuwa na masikio makubwa yaliyosimama, na yule hakuwa nayo. Akaelewa kwamba mume wake yumo, mahali fulani ndani ya chuma, na kwamba anapita. Wewe ulikuwa unalia na kumvuta kitenge, "Papa iko wapi? Papa iko wapi?" Hakujua akuonyeshe wapi, na char haikuwa inamngoja. Akanyoosha kidole juu, akakuambia, "Ule pale, mupungie mukono." Yule askari akakuangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto asiye wake, kisha akageuka kutazama njia yake. Maneno ya Mama kwangu nayaandika kama alivyoyasema, bila meno: "Mutoto alikuwa natafuta sura ya papa yake. Nikamupatia ile yenye ilikuwa inaonekana."

Alitegemea kwamba Papa akirudi atalisahihisha jambo hilo mwenyewe, na wote mtacheka. Papa hakurudi. Ukakua na hasira yako, na kila mwaka uliopita ulizidi kulifanya neno lile zito. Nilimuuliza, tena kwa ukali ninaoujutia, kwa nini alikuacha umchukie mtu asiye na kosa. Alijibu kwamba aliyekwenda haumii akichukiwa, lakini yeye alikuwa na watoto wawili tu, mmoja wao yuko mgongoni, na kama Kanyere angemchukia yeye, angezeeka kwa nani. Hakusema kwa mzaha. Akaniomba nisikuambie kamwe, nami nikamshika mkono, nikamkubalia.

Ndilo ungamo langu: ahadi hiyo naivunja hapa, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Nilijaribu njia nyingine. Nilianza barua iliyokuwa na mlango wa dereva na vioo tu, bila kidole cha Mama, nikiona kwamba hiyo itatosha kumsafisha Papa. Nikaichana. Nimekaa miezi mingi nakata kisanduku ambacho hakikuwepo, navunja taa iliyokuwa imevunjika, halafu nikupe wewe siku yako ile ikiwa na uongo katikati? Ungeuliza swali moja tu: mbona Mama alinionyesha? Na mimi ningekuwa nimekaa hapa nakutungia jibu.

Najua sasa hasira yako itatafuta mahali pengine pa kukaa, na Mama yuko chumba cha pili, labda anakuita sasa hivi umtafutie kitambaa cha meno. Nakuomba kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa wake, usimpe yeye. Alikuwa na mvua, mtoto mgongoni, mtoto mkononi, na mume anampita amefungiwa ndani ya chuma. Hata mimi, nikijiweka pale aliposimama, sijui ningeonyesha kidole wapi. Ukiona ni lazima umkasirikie mtu, nikasirikie mimi niliyetoa siri. Niko mbali, na nimezoea nyumba isiyo na maneno.

Na ukiweza, njoo. Siku sitakupangia, wewe chagua, padri nitaongea naye. Ningependa kusema nakuita kwa ajili ya Papa, au kwa ajili ya Mama ambaye hana miaka mingi ya kungoja tena, na yote mawili ni kweli. Lakini nimeshasema sitakudanganya. Nakuita kwa ajili yangu pia. Njoo na Mama, njoo na watoto wote hata wakivunja vitu, mlale katika chumba kile na mniambie niutoe ule msalaba nje kwa sababu unawatisha. Nimechoka kula peke yangu, Yaya.

Nisalimie shemeji Jean-de-Dieu, mwambie kilo moja ya kakao hainidhuru. Wabusu watoto, hasa yule wa kwanza, ambaye jina lake ni zuri hivyo hivyo lilivyo. Mama msalimie kwa mikono miwili, na ukimuona anatafuna nyama, ukumbuke ni kazi ya nani. Wasingya, asante kwa kunisoma mpaka hapa.

Char ni yako. Mlango wa dereva nimeugundisha, haufunguki, usijaribu kwa kisu. Kabla sijaugundisha nilimweka mtu ndani. Nilimchonga kwa kufuata ile picha moja ya kitambulisho, kwa resini ya ufizi, nikampaka rangi ya mtu. Mama ndiye aliyemkagua. Alisema masikio ni madogo, nikayaongeza, akasema bado, nikayaongeza tena, mpaka akamchukua na kumshika kiganjani. Hutamwona, kama vile yeye hakukuona. Lakini sikumgundisha kwenye kiti chake. Isogeze karibu na sikio lako, uitikise polepole. Huyo anayegonga ndani ndiye.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Ananie